Injili Ndani ya Mkataba: China na Sheria ya Mataifa, 1793–1901

Tunapofundisha historia ya misioni, huwa tunawaandikia wanafunzi ubaoni maneno machache bila kuwaambia yametoka wapi. Kwa ufupi, maneno hayo yanasema kwamba dini ya Kikristo huwafundisha watu kutenda mema na kuwatendea wengine kama ambavyo wangependa kutendewa wao. Kisha tunauliza: yameandikwa wapi? Mikono huinuka haraka. Mathayo 7:12. Luka 6:31. Mmoja husema Katekisimo. Bado hajatokea aliyepatia. Maneno hayo yamo katika mkataba uliotiwa sahihi mwezi Juni 1858 katika mji wa Tianjin, kaskazini mwa China, wiki chache baada ya manowari za Uingereza na Ufaransa kuziteka ngome za Dagu zilizolinda mlango wa mto uendao mjini humo. Yamo katika mkataba wa Waingereza, na yamo pia katika ule wa Wamarekani, ambao baadhi ya wakalimani wake walikuwa wamisionari.

Tukiwaeleza washarika jambo hili, wengi hushtuka kidogo, kisha huuliza swali zuri: kwani Wachina hawakuwa na fundisho hilo? Walikuwa nalo. Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 K.K., aliwahi kuulizwa na mwanafunzi wake kama liko neno moja linaloweza kumwongoza mtu maisha yake yote. Akamjibu kwa neno lenye maana ya kumfikiria mwenzako kwa kipimo cha nafsi yako, akaongeza kwamba lile usilotaka kufanyiwa usimfanyie mwingine. Kila kijana wa Kichina aliyepelekwa shule alilikariri fundisho hilo. Basi taifa zima lililazimishwa kwa mizinga kukubali kwa maandishi jambo ambalo ndugu yake wa karibu lilikuwa nalo nyumbani kwa zaidi ya miaka 2,000. Ilikuwaje? Na sisi Wakristo, hasa sisi Walutheri, tulikuwa tumesimama wapi?

Kwanza tuielewe nyumba ya Confucius, kwa maana ni rahisi kuicheka. Maneno mawili yaliibeba: ren, ambalo kwa Kiswahili tungeliita utu, na li, yaani adabu pamoja na taratibu zake zote, kuanzia namna ya kumzika mzazi hadi namna ya kumpokea mgeni. Utu bila adabu hauonekani, na adabu bila utu ni maigizo. Confucius na wafuasi wake walihesabu mahusiano matano yanayoushikilia ulimwengu: mtawala na mtumishi wake, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Ni hilo la mwisho tu linalokaribia usawa. Mengine yote yana juu na chini, na aliye juu ana wajibu mzito kuliko aliye chini.

Kwa mtazamo huo dunia nayo ilikuwa kama ukoo. Kaisari wa China, aliyeitwa Mwana wa Mbingu, alikaa mahali pa baba. Korea, Annam na visiwa vya Ryukyu walikuja kwa zamu na zawadi zao, wakasujudu, wakarudi kwao na zawadi kubwa zaidi. China haikuwa na wizara ya mambo ya nje. Wageni wengi wa aina hiyo walishughulikiwa na Wizara ya Taratibu, ile ile iliyosimamia mitihani na sadaka za serikali. Mgeni alikuwa suala la adabu, si la sheria. Sisi tuliolelewa kuamkia "shikamoo", salamu ambayo wazee hutueleza kuwa maana yake ni kushika miguu ya mkubwa, hatuna sababu ya kushangaa sana.

Nyumba ya pili ilijengwa Ulaya, na ilijengwa juu ya makaburi. Walutheri, Wakatoliki na Wakalvini walipigana miaka 30, hadi 1648. Kutokana na uchovu wa vita vya namna hiyo, wanasheria walikuza wazo kwamba kila mtawala ni huru ndani ya mipaka yake na ni sawa na mwenzake, awe mkubwa au mdogo. Emer de Vattel, mtoto wa mchungaji kutoka Neuchâtel, alieleza katika kitabu chake cha 1758 kwamba kibeti ni mtu sawasawa na jitu, na vivyo hivyo nchi ndogo ni dola sawasawa na ufalme mkubwa. Wazo zuri. Lakini nyumba hiyo ilikuwa na uzio. Henry Wheaton, Mmarekani aliyeandika mwaka 1836 kitabu kilichokuja kutumiwa na mabalozi wengi, alisema wazi kwamba sheria hiyo, ukiacha mambo machache, ni ya mataifa ya Kikristo yaliyostaarabika ya Ulaya na yale yenye asili ya Ulaya.

Kwa hiyo China ilisema: dunia yote ni ukoo mmoja, ila sisi ndio baba. Ulaya ilisema: mataifa yote ni sawa, ila ninyi hamjahesabiwa.

Nyumba hizi mbili zilikutana mwaka 1793, wakati Lord Macartney alipofika kwa Kaisari Qianlong akiwa balozi wa Mfalme George wa Tatu. Alitakiwa kupiga magoti mara tatu, na kila mara kugusisha kipaji cha uso chini mara tatu. Macartney alijibu kwamba angefanya hivyo iwapo afisa wa Kichina wa cheo chake angeifanyia picha ya mfalme wake heshima ile ile. Hatimaye alipiga goti moja, kama alivyofanya kwao. Maombi yake ya balozi mkazi na bandari zaidi yalikataliwa kwa barua ya upole wa baba kwa mtoto aliye mbali. Tulikumbuke goti hilo moja, maana tutalirudia.

Kilichofuata hakikuwa ugomvi wa magoti. Kilikuwa afyuni. Waingereza walinunua chai nyingi kuliko bidhaa walizoweza kuiuzia China, na pengo lilizibwa kwa afyuni iliyolimwa India na kuingizwa China kwa magendo. Katika Kiswahili chetu afyuni ina jina jingine, kasumba, na tunaposema "kasumba ya kikoloni" wengi wetu tumesahau kwamba tunataja dawa ya kulevya.

Mwaka 1839 Kaisari Daoguang alimtuma Lin Zexu kwenda Guangzhou kuikomesha biashara hiyo. Lin alikuwa mwanafunzi wa Confucius wa kweli kweli. Alikusanya makasha zaidi ya 20,000, na mwezi Juni akaamuru afyuni hiyo ichanganywe na maji, chumvi na chokaa katika mashimo ya Humen na kumwagwa baharini. Kabla ya kuimwaga aliandika sala kwa roho ya bahari, akiomba radhi na kuonya viumbe wa majini wajiepushe. Sisi hatuombi kwa roho ya bahari. Hata hivyo tunajiuliza ni wafanyabiashara wangapi Wakristo pale bandarini waliofikiria samaki, achilia mbali watu.

Lin alifanya jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Alitaka kujua sheria ya hao wageni inasemaje. Akamwomba Peter Parker, daktari mmisionari Mmarekani mwenye hospitali pale Guangzhou, amtafsirie vifungu vya Vattel kuhusu haki ya nchi kuzuia bidhaa za kigeni. (Daftari la hospitali linamwonyesha Lin kama mgonjwa namba 6565, mwenye ngiri, ingawa hakukanyaga hospitalini, alituma watu.) Vattel alikuwa upande wake: nchi inaweza kukataza bidhaa isiyoitaka. Hivyo Lin alikuwa na Confucius mkono mmoja na sheria ya Ulaya mkono mwingine, na vyote viwili vilikubaliana. Alipomwandikia Malkia Victoria, alijenga hoja juu ya fundisho lile lile tulilolianza: kama hutaki watu wako wadhurike, utawezaje kuruhusu wengine wadhurike kwa faida yako? Alidhani afyuni ilikuwa marufuku Uingereza. Haikuwa. Iliuzwa madukani. Barua yake haikupata jibu.

Jibu lilikuwa meli za vita. Tusiseme Wakristo wote walikubali. Mwezi Aprili 1840 William Gladstone alisimama bungeni akaiita vita hiyo ya aibu, na serikali iliponea kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa. Mwaka 1842, kwa Mkataba wa Nanjing, China ililipa dola milioni 21, ikafungua bandari tano na kuitoa Hong Kong. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa fidia ya afyuni iliyomwagwa.

Sasa tufike kwa mtu wa nyumbani kwetu. Mmoja wa wakalimani wa Nanjing alikuwa Karl Gützlaff, Mlutheri kutoka Pomerania, mtoto wa fundi cherehani, aliyesomea umisionari Berlin. Alikuwa na kipaji cha lugha cha kutisha na upendo kwa Wachina ambao hatuna sababu ya kuutilia shaka. Lakini mwaka 1832, akitafuta njia ya kuufikia mwambao uliofungwa, alikubali kuwa mkalimani katika meli ya Sylph iliyobeba afyuni ya kampuni ya Jardine. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alikata shauri baada ya kushauriana na watu na kushindana na dhamiri yake. Vitabu vya Injili na makasha ya afyuni vikasafiri katika meli moja. Wakati wa vita, Waingereza walimweka kuwa hakimu katika mji wa Dinghai walioutwaa.

Ni rahisi kumlaani Gützlaff, na kuna wenzetu wanaomruka kabisa wakifundisha. Hatufanyi hivyo, kwa sababu moja. Wito wake kwa makanisa ya Ulaya ulisomwa na kijana Mskoti aitwaye David Livingstone, akaamua kuwa mmisionari daktari wa kwenda China. Vita ya Afyuni ikaifunga njia hiyo, naye akaelekezwa Afrika. Yule mzee aliyekutwa na Stanley chini ya mwembe wa Ujiji alitakiwa awe Guangzhou. Safari ya Gützlaff kwenda Ulaya ilichangia pia kuzaliwa kwa kazi ya Waberlin huko China, na Misioni ya Berlin, iliyokuja kuishika kazi hiyo, ndiyo iliyofika Unyakyusa mwaka 1891. Kumruka Gützlaff ni kuruka babu katika ukoo wetu.

Baada ya vita ya pili na kuchomwa kwa jumba la kifalme la kiangazi mwaka 1860, China iliunda kwa mara ya kwanza ofisi ya mambo ya nje, Zongli Yamen, chini ya Mwana wa Mfalme Gong. Mikataba ya Tianjin ilikuwa imeruhusu mahubiri ya Injili. Ilikuwa pia imeipiga marufuku serikali ya China kutumia, katika maandishi yake rasmi, neno yi kwa ajili ya Waingereza, kwa kuwa walilisoma kama "washenzi". Kifungu cha 8 kinasema Ukristo unafundisha kuwatendea wengine mema. Kifungu cha 51 kinafuta neno kutoka katika kamusi ya jirani. Na katika mkataba huo huo, Mwingereza aliyemuua Mchina hakimu wake alikuwa konsuli wa Kiingereza.

Ndipo anapoingia William Martin, Mpresbiteri kutoka jimbo la Indiana, aliyefika China mwaka 1850 na kuwa miongoni mwa wakalimani wa Wamarekani kule Tianjin. Martin aliamua kutafsiri kitabu cha Wheaton kwa Kichina. Aliamini kwamba sheria ya mataifa imejengwa juu ya sheria ambayo Mungu ameiandika mioyoni, kama Paulo anavyosema katika Warumi 2, na kwamba Wachina wangeitambua. Mwaka 1863 balozi wa Marekani, Anson Burlingame, alimpeleka kwa Zongli Yamen. Gong alimpa wasomi wanne wa kunyoosha lugha na fedha za kuchapa. Mwakilishi wa Ufaransa alikasirika mno; alitaka mtu anayewafunulia Wachina siri za sheria ya Ulaya anyamazishwe kabla hajawaletea matatizo yasiyokwisha. Hasira hiyo inatufundisha zaidi ya hotuba nyingi za ustaarabu.

Kutafsiri kulikuwa kazi ngumu, na hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo. Sheria ya asili Martin aliiita xingfa, akitumia neno xing, yaani hali ya asili ya mwanadamu, ambalo wanafunzi wa Confucius walikuwa wamelijadili kwa karne nyingi. Hapo alipata daraja. Lakini kwa "haki" za dola na za mtu hakupata neno. Akaunganisha mawili, quan na li, akapata quanli. Quan ni mamlaka au nguvu. Li hili si lile la adabu. Ni jingine, lenye maana ya faida. Na Confucius alikuwa amefundisha kwamba mtu mwema hutafuta lililo sawa, ila mtu mdogo hutafuta faida. Kwa hiyo msomi wa Kichina alipofungua kitabu cha sheria ya mataifa ya Kikristo, neno lililojirudia kila ukurasa lilimlia masikioni kama "nguvu na faida".

Sisi wa Kiswahili tuna bahati ya ajabu ambayo hatuitambui. Neno letu haki ni lile lile tunalolitumia mahakamani, kwenye madai ya mshahara, na katika Warumi tunaposoma juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Anayedai haki yake kwa Kiswahili anataja, apende asipende, sifa ya Mungu. Martin hakuwa na neno la namna hiyo. Au tuseme, labda lugha yake ilikuwa kweli zaidi kuliko alivyokusudia, kwa sababu mataifa yaliyokuwa mlangoni mwa China yalikuwa yanatafuta nguvu na faida.

Hata hivyo kitabu kilifanya kazi mara moja, hata kabla hakijatoka. Mwaka 1864 Prussia ilikuwa vitani na Denmark. Balozi mpya wa Prussia, Guido von Rehfues, aliwasili kwa manowari, ikakamata meli tatu za biashara za Denmark karibu na Dagu. Gong aliwajibu kwa hoja za Wheaton: bahari ile ni ya China, na nchi mbili zinazopigana haziwezi kupigania ndani ya maji ya mwenye nyumba asiyehusika. Akakataa kumpokea balozi. Prussia iliziachilia meli na kulipa fidia ya dola 1,500. Gong akamwandikia Kaisari kwamba kitabu hicho, ingawa hakilingani kikamilifu na taratibu za China, kina mambo ya kufaa, na nakala 300 zikatolewa kwa ajili ya kugawiwa maofisa. Lakini alikuwa mwangalifu. Alikuwa amewaambia wageni kwamba sheria za China zimewahi kutafsiriwa kwa lugha za kigeni, na hakuna aliyezilazimisha nchi nyingine kuzifuata.

Tunapofika hapa darasani, mara nyingi mwanafunzi humtaja Mangungo wa Msovero. Novemba 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, na Mangungo akaweka alama yake kwenye karatasi ya lugha asiyoijua. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Sheria ile ile iliyosema kibeti ni sawa na jitu ilimhesabu Mangungo kuwa mtawala kwa muda wa kutosha tu kuitoa nchi yake. Gong alikuwa na kitabu na wasomi wanne. Mangungo hakuwa na Martin wake.

Na hata kitabu kilikuwa na kikomo chake. Usiku wa tarehe 1 Novemba 1897, wamisionari wawili Wakatoliki Wajerumani waliuawa katika jimbo la Shandong. Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyekuwa akiitamani bandari huko tangu zamani, alituma meli, na tarehe 14 Novemba askari wake wakaiteka ghuba ya Jiaozhou. Machi 1898 China ikalazimika kuipangisha kwa miaka 99. Maofisa wa Kichina walikuwa na Wheaton mezani kwa zaidi ya miaka 30 na wangeweza kutaja kurasa. Damu ya wahubiri wawili ilikuwa imekuwa hati ya kiwanja. Misioni ya Berlin ilifungua kazi pale mwaka huo huo.

Hasira ya watu wa kaskazini ililipuka mwaka 1900 kwa uasi wa Waboksa. Maelfu ya Wakristo Wachina waliuawa, watu ambao hakuna manowari iliyokuja kwa ajili yao hasa. Tarehe 20 Juni balozi wa Ujerumani, Clemens von Ketteler, alipigwa risasi barabarani mjini Beijing. Mjumbe hauawi, hilo tunalijua sisi, Wachina wa kale walilijua, na Wheaton aliliandika. Martin, akiwa na umri wa miaka 73, alikuwa ndani ya ubalozi wa Uingereza uliozingirwa kwa siku 55.

Mkataba wa amani wa Septemba 1901 uliitoza China fedha tael milioni 450. Kifungu chake cha kwanza kilimhusu Mwana wa Mfalme Chun, kijana wa miaka 18, mdogo wake Kaisari wa China, ambaye alipaswa kwenda Ujerumani kueleza masikitiko. Alikuwa ameshasafiri kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Alipofika Basel, karibu na mpaka, alipata habari ya sharti jipya: mbele ya Wilhelm, maofisa aliofuatana nao wapige magoti na kugusisha vipaji vya uso sakafuni, kama ilivyo desturi ya China.

Wilhelm, kwa cheo chake cha mfalme wa Prussia, alikuwa pia mkuu wa kanisa la Kiprotestanti la nchi hiyo. Ni miaka 108 tangu goti moja la Macartney. Chun alikaa Basel, akasema ni mgonjwa, na simu za maandishi zikaenda na kurudi. Maofisa wa China walijibu kwamba desturi hiyo haimo katika sheria ya mataifa. Wajerumani wakaliondoa sharti. Tarehe 4 Septemba, mjini Potsdam, Kaisari akiwa ameketi, kijana yule aliingia, akainama mara tatu, akaisoma barua ya kaka yake akiwa amesimama.